Mama Anachagua Majirani

Mimi nilikwenda kwenye makaburi ya zamani ya mjini kutazama malaika wa marumaru. Mama alikwenda kutafuta kiwanja.

Alizaliwa mlimani, kwa Wachaga, akaolewa na mtu wa mkoa mwingine aliyekuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Baba tulimzika kwao, mbali, mahali pasipo na mgomba hata mmoja, na mama ameapa hatamfuata huko. Kwenye kihamba cha kaka zake, shamba la ukoo wanamozikwa, binti aliyeolewa hana nafasi. Kwetu kuzikwa mjini ni kama kulala stendi, lakini mama aliamua kwamba kama ni stendi, basi atachagua kiti mwenyewe. Mazungumzo hayo yalinikera. Kila akiyaanza nilijifanya napigiwa simu.

Nikamwonyesha msalaba wa Mgiriki mmoja aliyelima kahawa, umechongwa maua mpaka chini, na malaika aliyevunjika bawa, kinyonga ametulia begani kwake. Mama akasema jirani huyo hapana, Kigiriki hakijui. Karibu na ukuta akakataa pia, kwa kuwa bodaboda zingemnyima usingizi. Chini ya mjakaranda akapapenda. Kuna kivuli, na mawingu yakifunguka kilele cha Kibo kinaonekana.

Akatoa tawi la isale kwenye kikapu, akalichomeka ardhini. Ndio mmea tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba, na hakuna Mchaga mwenye akili zake atakayeung'oa. Mlinzi akaja, akamwamkia shikamoo, akalitazama lile isale, akarudi getini bila kuligusa. Mama akafunga kikapu chake.

Mvua zilipokwisha tulirudi. Isale la mama lilikuwa limeshika vizuri, ila pembeni yake palikuwa na jingine, karibu mno. Mama akawaka. Akasema huyo ni mtu wa Machame tu, akiona nafasi lazima ajipenyeze, na akaanza kumtafuta mlinzi.

"Ni langu," nikamwambia.

Nilikuwa nimekwenda kulipanda peke yangu, baada ya kumwaza amelala pale na wageni watupu. Niliogopa sana siku ile, kujiwekea alama ya kaburi.

Mama akarudi. Akainama, akapima kwa kiganja udongo uliokuwa kati ya masale yetu mawili.

"Sogeza kidogo," akasema. "Unakoroma."