Pikapu Iliyokosa Pumzi

Baada ya arobaini ya Mama, pikapu ya Baba ilianza kukosa nguvu. Haikuwa ghafla. Ilipungua kidogo kidogo, mpaka kile kilima cha kutokea Litapunga, ambacho zamani ilikipanda na magunia ya mahindi huku Baba anapiga mluzi, ikawa inakipanda tupu, kwa gia ya kwanza, moshi mweusi nyuma mpaka waendesha baiskeli wanajifunika nyuso. Siku moja akairudisha nyumbani Shanwe, akazima, akaniwekea funguo mezani.

"Imechoka," akasema. "Na mimi nimechoka. Jumatatu anakuja yule wa chuma chakavu."

Nikawaka. Mimi hasira zangu ziko karibu, mtaa mzima unanijua. Lakini siku ile niliwaka kwa woga. Tangu tumzike Mama, Baba alikuwa haendi kanisani, haendi kwa wenzake, chakula anakigusa tu. Kilichokuwa kinamtoa kitandani asubuhi ni ile pikapu. Ikichukuliwa, nilijua nitabaki na mzee wa kuangalia ukuta mpaka naye amfuate mkewe.

"Huuzi," nikamwambia.

"Ebo! Gari ya nani?"

"Yako. Na huuzi mpaka nijue inaumwa nini."

Nauza spea mjini, na ufundi nilifundishwa na yeye huyo huyo, tangu nikiwa binti mdogo wa kumshikia spana. Basi tukaanza, yeye amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amenuna, mimi kichwa kiko chini ya boneti. Nikabadilisha chujio la dizeli, maana mafuta ya kwenye madumu huku kwetu mara nyingi yana maji. Nikatoa upepo kwenye mabomba ya dizeli, nikawasha. Ikanguruma vile vile, kama mtu anayeongea amejifunika shuka. Nikanyanyua magurudumu kwa jeki, nikayazungusha kwa mkono nione kama breki zinakamata zenyewe. Wapi, yanazunguka vizuri tu. Nozo za kupulizia dizeli kwenye injini nikazipeleka kupimwa, nikaambiwa ni nzima.

"Nilikuambia," Baba akasema. Hata raha ya kunishinda hakuwa nayo.

Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa. Hilo nilikuwa nalijua, na ndiyo maana kitu cha kwanza kabisa kufungua kilikuwa chujio la hewa. Nililikuta jeupe, safi, nikalirudisha. Jumapili jioni, mikono imejaa grisi, nikakaa chini nikaliwaza tena lile chujio, na likaanza kunikera. Kiangazi barabara zetu zina vumbi mpaka unatema udongo. Gari inayokwenda Katumba na kurudi, chujio lake linakuwaje jeupe?

"Baba, hili chujio ulibadilisha lini?"

"Zamani. Gari yangu haili machujio, mbona linajulikana hilo."

Kweli lilikuwa linajulikana. Miaka yote aliwatambia madereva wenzake: nyie mnaua machujio kwa sababu hamjui kuendesha, mimi naendesha kwa adabu. Mama alikuwa pembeni anacheka tu.

Nikachomoa bomba linaloingiza hewa kwenye boksi la chujio, nikamwambia awashe. Akawasha kunikomoa tu. Alipokanyaga mafuta, injini ikatoa mlio ambao hatukuusikia tangu kabla ya msiba, mkali, bila moshi hata kidogo. Baba akatoa kichwa dirishani. Nikamwashiria azime, nikalifuata lile bomba kwa mkono mpaka mdomoni mwake, kule lilikojificha nyuma ya taa, mahali ambapo huoni bila kulala chini. Vidole vikagusa kitu kigumu kama kiatu cha zamani, kimefungwa kwa ukanda wa tyubu.

Kilikuwa kipande cha kanga. Vumbi lilikuwa limekiganda mpaka hakipitishi hewa. Pale ukanda ulipobana, rangi ilikuwa imebaki, zambarau yenye maua meupe. Tuliijua kanga ile wote wawili. Mungu wangu, Mama alikuwa anaivaa akienda shamba.

Baba akashuka, akakichukua mkononi mwangu, akarudi kukaa kwenye ndoo.

"Nilimwambia mara moja tu," akasema. "Wewe bado unanyonya. Nilimwambia, mama watoto, hebu funga kitambaa pale vumbi lisiingie. Mimi nikasahau."

Nikazikumbuka Jumamosi zote za kiangazi. Mama akimaliza kuanua nguo alikwenda mbele ya pikapu, akainama, akahangaika pale nyuma ya taa. Tulikuwa tunamtania kwamba gari anaibembeleza kuliko mumewe. Kumbe alikuwa anarudisha kitambaa alichokifua pamoja na nguo zetu. Mwaka huu alianguka kitandani kiangazi kinaanza, na hapakuwa na mtu wa kukifua kwa sababu hakuna aliyejua kama kipo.

"Miaka yote hiyo," Baba akasema, "nawaambia watu naendesha kwa adabu."

Akalia. Nilikuwa sijamwona analia tangu msiba, hata makaburini. Nikalia na mimi, nimesimama na spana mkononi kama mjinga. Nililia kwa uchungu, na kwa hasira pia, kwamba Mama alikaa kimya vile na sasa siwezi hata kumgombeza.

Mtu wa chuma chakavu alikuja Jumatatu asubuhi, akarudishwa getini bila hata kuambiwa aketi. Baba alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni. Mzee ambaye sijawahi kumwona anafua hata soksi yake, anakikamua kile kipande taratibu, anaogopa kisije kikachanika. Maji yakawa mekundu kwa vumbi. Akamwaga, akaweka mengine, nayo yakawa mekundu. Kitambaa bado kilikuwa kigumu. Akainua macho kuniangalia.

"Mwanangu, mama yako alikuwa anatumia sabuni gani? Ya unga au ya mche?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui.