Pedali Iliyokataa Kuachia

Jumatano, tarehe 7 Machi 2018, Câmpulung. Asubuhi nyuzi moja chini ya sifuri, theluji ya majimaji, ukungu hadi nusu ya mlima. Mchana theluji iligeuka mvua.

Saa tatu kasoro robo mtaalamu wa mahakama kutoka Pitești aliweka mfuko wa plastiki juu ya meza yetu ya vipimo. Ndani mlikuwa na pedali ya breki pamoja na bamba linaloishikilia, vimekunjamana, na kwenye mpira wa kukanyagia kulikuwa na doa la kahawia ambalo hakuna aliyelifuta kwa kuwa ni ushahidi. Gari lilikuwa la Filofteia Nedelea, nesi wa vijijini, ambaye mwezi Januari aliteleza kwenye barafu karibu na daraja la Lerești akagongana uso kwa uso na lori la magogo. Alipona, lakini mguu wa kulia ulikatwa juu ya kifundo.

Pedali ile aliibuni Leontin Bărbuleț. Nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja, yeye akichora, mimi nikipima. Alianza kama mchoraji katika kiwanda cha zamani cha magari hapa mjini, na kilipofungwa akaja kwetu, kwenye kiwanda cha vipuri. Wengine walibuni taa au milango wakaonekana. Yeye alichagua kitu ambacho mwenye gari hakitazami kamwe. Kila kikao alikifungua kwa maneno yaleyale, kwamba mguu chini ya kifundo una mifupa ishirini na sita na hakuna hata mmoja uliotengenezwa kupambana na chuma. Vijana wa karakana walimwita Ishirini na Sita, na akipita waliangalia viatu vyake. Hakujali. Alikuwa akienda hospitali ya Pitești kwa ruhusa maalumu kutazama picha za mifupa iliyovunjika, na kwenye rafu yake aliweka unyayo wa plasta alioufinyanga kutokana na mguu wa mkewe, ambaye huvaa kiatu namba thelathini na sita.

Unyayo ule ulikuwa na sababu. Pedali yake ya kwanza, ya mwaka 2009, ilikuwa na shina laini. Gari likigonga, na ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ukirudi nyuma, shina lilikunjika badala ya kusukuma unyayo wa dereva. Iliwafaa watu warefu. Wafupi hukaa karibu na usukani na kukanyaga kwa vidole, kisigino kikiwa hewani, na kwao haikutosha. Ndipo akabuni ya pili, ya mwaka 2013. Hiyo haikunjiki, inaachia. Pini inayoibeba imelala kwenye mtaro ulio wazi upande mmoja. Ukuta ukirudi nyuma pini inachomoka, na pedali inabaki ikining'inia kama ulimi wa ng'ombe aliyechinjwa. Katika majaribio yote iliachia.

Ya Filofteia haikuachia. Leontin alivaa miwani akaigeuza taratibu. Chini ya nati, pini ilikuwa imebanwa na washa nene, kile kiduara cha chuma cha kukazia, na upande mmoja ulikuwa umekatwa ukanyooka. Nilipima unene nikasoma milimita nne nukta sifuri mbili. Hakuandika. Aliniomba nisome tena, nikasoma tena.

Mtaalamu aliuliza kama ile ni ya kiwandani. Leontin akasema hapana. Mtaalamu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyemaliza kazi, akaeleza kwamba hilo lilikuwa swali la nne katika fomu na ndilo mwendesha mashtaka analingojea. Gari lilikuwa limepita mikononi mwa fundi mmoja tu, Panait Duțu. Mtaalamu alitaka jibu lililotiwa saini kesho yake saa mbili asubuhi. Baada ya hapo Duțu angeshtakiwa.

Mlango ulipofungwa, Leontin alikaa. Alisema, bila kunitazama, "Washa hii niliichora mimi."

Akanieleza. Februari 2011 ilikuwa siku ya arobaini ya mama yake. Watu walikuwa mezani wakila ngano tamu ya kumkumbuka marehemu, na Duțu alikaa mbele yake. Duțu alimwambia kwamba pedali zake zinalia kwenye baridi, ta-ta-ta, kama mbuzi anayetafuna kokwa, na wateja wanadhani ni yeye amewaharibia. Leontin aliona aibu mbele ya wageni. Akachukua karatasi ya kufutia mikono akachora washa ya milimita nne, upande mmoja umekatwa ili ikae vizuri kwenye bamba. Kwa pedali ya kwanza haikuwa na madhara, maana ile ilikunjika shina, pini haikuwa na kazi ya kuchomoka. Miaka miwili baadaye alipochora ya pili aliacha tundu na nati vilevile, ili kiwanda kisibadilishe mashine ya kutoboa. Alisifiwa kwa hilo. Nayo ililia kwenye baridi. Washa alikuwa ameisahau, lakini Duțu hakuisahau.

Saa sita aliniomba niende naye, nichukue daftari.

Gereji ya Duțu iko nyuma ya nyumba yake, barabara ya Lerești. Ni mtu mpana, mwenye masharubu ya manjano kwa sigara. Alitutazama tukikanyaga matope, akasema, "Karibu, Bwana Injinia. Umekuja kuniaga au kunipima shingo?"

Leontin alimuuliza amewaambia nini polisi. Duțu akasema amewaambia washa ni akili yake mwenyewe. Leontin akauliza kwa nini hakumtaja.

"Nikutaje wewe?" Duțu alicheka bila furaha. "Miaka saba najisifu kila baa kwamba kiwanda kizima kilishindwa na Panait akaweza. Wanaiita pete ya Duțu. Leo niseme ilichorwa na injinia kwenye karatasi ya kufutia midomo? Nani ataniamini? Mke wangu mwenyewe atacheka."

"Karatasi unayo?"

"Nilifutia mafuta wiki hiyohiyo."

Leontin akamweleza tofauti ya pedali mbili. Duțu alisikiliza akiwa ameegemea gari, sigara ikimwishia vidoleni. Hakujua. Kwake zilikuwa pedali moja, tundu moja, nati moja, mlio mmoja. Alipoelewa alitupa sigara akasema neno ambalo sitaliandika.

Ukutani lilining'inia bamba la chuma lililotoka kwenye ngazi ya basi la zamani. Alikuwa akikata washa zake humo. Niliyahesabu matundu kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Yalikuwa sitini na moja. Ni washa zipi zilizoingia kwenye pedali za kwanza na zipi kwenye za pili, Duțu hakukumbuka. Na mafundi wawili wa vijiji vya juu walikuwa wameiga.

"Mimi sikuombi kitu, Bwana Injinia," Duțu alisema tulipokuwa tunaondoka. "Una kazi, una jina. Mimi nina masharubu tu."

Kwa Filofteia tulifika saa tisa. Mumewe alitufungulia mlango akarudi jikoni bila kutusalimia. Filofteia alikuwa kwenye kochi, mwanamke mdogo wa miaka arobaini na kitu, nywele zimefungwa kama yuko kazini, blanketi limelala bapa mahali palipotakiwa kuwa na mguu. Leontin alibaki amesimama, kofia mkononi. Alisema yeye ndiye aliyeibuni pedali.

"Wewe ndiye wa mifupa ishirini na sita?" Filofteia aliuliza. "Dada yangu anafagia kiwandani kwenu, alinisimulia. Yangu wamechukua yote. Hawakukubakizia hata mmoja wa kuhesabu."

Leontin alimwambia kila kitu, tangu karatasi ya kufutia mikono. Nilingoja afukuzwe. Filofteia alitazama dirisha, mvua ilikuwa ikiteremka kwenye kioo. Kisha akasema yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea Duțu gari, kwa sababu mlio ulimkera akienda kwa wagonjwa, akampa jibini ya kondoo kwa shukrani.

"Sista, nitaandika kwamba kosa ni langu," Leontin alisema.

"Andika. Mguu hautarudi." Akanyoosha blanketi. "Lakini gari la Padri Iordache nalo lilikuwa linalia. Likanyamaza. Na la mwenye duka. Na la binti yule mwalimu, mfupi kuliko mimi. Wewe unaniletea machozi hapa, na wao wako barabarani."

Kutoka jikoni mumewe alisema kwa sauti ya chini, "Mwambie aondoke sasa." Tukaondoka.

Kwenye gari Leontin alimpigia mkurugenzi simu. Nilisikia upande mmoja tu, lakini Leontin alinisimulia mwenyewe upande wa pili. Mkurugenzi alisema: umeulizwa swali la nne, jibu la nne. Ukiongeza mstari mmoja, tutalazimika kuita magari ya nchi nzima yarudi kukaguliwa kwa ajili ya washa ya fundi mlevi, na wewe usirudi tena mezani kwako. Leontin alimjibu kwamba Duțu halewi mchana. Sijui kwa nini alichagua kujibu hilo.

Tulirudi kwenye chumba cha vipimo saa kumi na moja. Aliandika kwa mkono, kama alivyoandika siku zote, herufi za mchoraji. Jibu la swali la nne lilikuwa mstari mmoja: washa si ya kiwandani, na ndiyo iliyozuia pini. Kalamu ilikaa hapo muda wa kutosha kwangu kusafisha vyombo vyote na kuvirudisha kwenye sanduku. Kisha akageuza karatasi akaandika upande wa pili, ukurasa mzima: nani aliichora, lini, kwenye meza gani, kwa nini tundu halikubadilishwa mwaka 2013, matundu sitini na moja. Akachora washa kwa vipimo. Alinipa nitie saini kama mpimaji, akaniambia naweza kutia upande wa mbele tu. Nilitia pande zote mbili.

Aliuchukua unyayo wa plasta akaufunga kwenye gazeti akatoka nao.

Kesho yake, Alhamisi tarehe 8, hali ya hewa ilikuwa kavu, nyuzi mbili juu ya sifuri. Ilikuwa sikukuu ya wanawake, na kila mwaka Leontin ndiye aliyeleta maua meupe yanayochipua kwenye theluji kwa wanawake wa ofisini. Mwaka huo hakuleta. Saa mbili kamili alimkabidhi mtaalamu karatasi mkononi kule Pitești, akangoja hadi aisome pande zote mbili. Saa nne alikuwa Lerești, kwenye ua wa kanisa, amelala chali sakafuni mwa gari la Padri Iordache, miguu nje, spana namba kumi na tatu mkononi. Wanawake walipita na maua wakitazama viatu vyake. Nati ilikuwa imeshika kutu, ikamchukua karibu nusu saa. Washa ilipotoka aliibonyeza pedali kwa kiganja mara tatu. Ikalia. Alimwambia padri aiache ilie, akafuta mikono, akauliza nyumba ya mwalimu iko upande gani.