Kifaranga Kilichotemewa Mate ya Shangazi

Nianze na babu yangu, maana ndiye aliyesingiziwa. Babu alikuwa kiongozi wa sungusungu huku kwetu, upande wa Songwa, na wezi wa ng'ombe walimwogopa kuliko polisi. Alifariki nikiwa darasa la tano. Ninachokumbuka kwake ni kiazi cha moto alichokuwa akinitia mkononi na kuniambia niache kulialia. Mzee huyo ndiye ambaye ukoo wangu ulimtwisha kosa la mtu mwingine.

Nilikuwa askari miaka tisa. Niliipenda kazi ile, na kwa shabaha niliwapita wanaume wengi wa kikosi changu. Kisha mkubwa wangu mmoja akafunga mlango wa ghala mchana kweupe, tukiwa tunapanga mablanketi, akanibaka. Neno ni hilo, sitalifunika kanga. Nilikwenda kuripoti. Aliyenisikiliza alifunga daftari bila kuandika kitu, akaniuliza kama nataka kuharibu maisha ya baba wa watoto wanne. Ya kwangu hakuyauliza. Nikaacha kazi, nikarudi Shinyanga na begi moja, nikapanga chumba mtaa wa Kambarage.

Hapo mwili ukaanza vituko vyake. Nililala na viatu miguuni. Harufu ya dawa ya viatu ilinitapisha. Sikuweza kukaa na mtu nyuma yangu. Kanisani nilitaka benchi la mwisho, mgongo ukutani, na nikikuta limejaa narudi nyumbani. Ndugu walisema najidai, eti nimeona dunia. Nikawaacha waseme, nikaenda zangu machimboni Geita.

Kule nilipata kibarua kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Niliipenda kwa kelele zake, maana hakuna aliyeweza kuniuliza habari zangu. Siku moja mchimbaji alikuja kwa nyuma akanigusa bega, anataka maji ya kunywa tu. Nilimpiga beleshi nikamvunja mfupa wa bega. Yule hakuwa na kosa, na mpaka leo linaniuma. Nilimfuata zahanati nikamwomba radhi. Wenzake wakanibandika jina la Komandoo, na mwenye karasha akaniambia nisirudi.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Shangazi, binti mkubwa wa babu, ndiye serikali ya ukoo wetu, na hajui kungoja. Akaenda kwa mganga. Kwetu mganga husoma kuku: mgonjwa anakitemea kifaranga mate mdomoni ili kibebe habari zake, kisha kinapasuliwa na kusomwa. Mimi nilikuwa bado Geita. Basi shangazi akatema yeye. Kifaranga kikasomwa, jibu likatoka kwamba ni babu: amenipanda kichwani, anataka mpiganaji wa kumrithi, na hatatulia mpaka nivae bangili ya shanga na amwagiwe pombe kaburini.

Shughuli ilingoja mtama uvunwe. Wakati huo mimi nilikuwa nimeanza kliniki Kolandoto, kwa muuguzi mmoja wa umri wa mama yangu. Mara tatu za mwanzo sikufungua mdomo, naye hakunisukuma, akawa anakunja bandeji zake. Mara ya nne nikasema yote. Aliniambia ule ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una dawa na una mazungumzo, na aibu si ya kwangu. Nilirudi nyumbani nina hasira mpya, na hii niliipenda.

Siku ya shughuli ua ulijaa. Mbuzi kafungwa, mitungi imepangwa, shangazi kashika bangili. Nilijua kabisa nini kinafungwa pale. Nikiivaa, jambo langu limekwisha, limekuwa la babu, na hakuna atakayeniuliza tena mpaka nife.

"Lete mkono, mwanangu," shangazi akasema.

"Shikamoo, shangazi. Kwanza niulize. Kile kifaranga kilitemewa mate ya nani?"

"Yangu. Wewe si ulikuwa Geita?"

"Basi kilisema habari zako. Zangu bado."

Baba mdogo mmoja akacheka, akanyamaza alipoona mimi sicheki. Shangazi aliushusha mkono wenye bangili. Utaratibu anaujua kuliko sisi sote, na alijua ameuvunja. Nikamwomba mama kifaranga. Mama, ambaye miaka yote hiyo alikuwa ananitazama tu na kuniongezea chakula, aliinuka akakamata kimoja, akakishika mbele yangu kwa mikono miwili. Nikakitemea mate mdomoni.

"Hiki hakihitaji kupasuliwa," nikasema. "Nitawasomea mwenyewe." Nikawaambia. Ghala, mablanketi, mlango, daftari lililofungwa. Sikupunguza sauti kwa ajili ya wanaume. Sauti ya paredi ninayo bado, na mpaka kwa majirani walisikia.

Shangazi akauliza polepole, "Mtu huyo yu hai?"

"Yu hai. Na cheo amepandishwa."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, shangazi. Nikaambiwa nimwonee huruma yeye."

Mama alikiachia kifaranga kikakimbilia kwa mama yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilikuwa kavu. Akamgeukia wifi yake: "Tumemsingizia mzee wa watu. Nenda kamwombe baba yako radhi."

Sikuwahi kuona shangazi akiamrishwa akatii. Aliweka bangili chini, akachota pombe kwenye kibuyu, akaenda kaburini, na sote tukamfuata. Nilisogea mpaka mbele kabisa, kwenye mawe ya kaburi.

"Baba, tusamehe," alisema, akimwaga. "Si wewe. Ni mwanaume mwenye magwanda, alimbaka mtoto wetu kazini, nasi tukakupa wewe lawama."

Alilitamka neno lenyewe, mbele ya ukoo mzima. Pombe ilipokuwa inanywea udongoni nikatambua kwamba watu zaidi ya arobaini walikuwa wamesimama nyuma yangu, na mimi sikuwa nimegeuka.