Ijumaa za Kadi pale Matrah

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhamisha kutoka nchi moja hadi nyingine, na katika zote mbili asituache na njaa wala upweke. Sala na amani zimfikie Mtume wetu, watu wa nyumba yake na masahaba wake. Baada ya hayo, nataka kuandika habari za mume wangu, Mungu amrehemu, na kadi zake, maana wajukuu zangu wananiuliza, na mimi bado nakumbuka vizuri.

Wanafunzi wangu, wanawake ninaowasomesha Qur'ani nyumbani, wakinisikia nataja kadi hudhani nasema kadi za harusi. Kadi ninazozisema ni vipande vya karatasi ngumu, vidogo kuliko kiganja, mbele vina picha ya mwanamichezo na nyuma maneno machache ya habari zake. Zamani zilitiwa ndani ya pakiti za sigara, za chai na za peremende, ili mtu apate hamu ya kununua nyingine. Baba zetu kule Unguja walivuta sigara, na watoto wao wakachukua picha. Siku za kuhamia Oman, kuna waliokuja na vyombo vya dhahabu, na kuna waliokuja na kopo la biskuti limejaa wacheza mpira.

Mume wangu alikuwa wa kundi hili la pili. Alifanya kazi ya forodha bandarini, na mwanzoni mwa miaka ya tisini yeye na marafiki zake wachache wakaomba ukumbi wa klabu moja ya michezo pale Matrah, nyuma ya barabara ya pwani, wafanye maonyesho ya kadi kongwe. Walipewa Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia baada ya Laasiri.

Mimi na wanawake wengine tulikaa chumba cha pembeni, kilichokuwa stoo ya nyavu na mipira. Tulipika kahawa na kupanga halua na visheti, mlango ukiwa wazi kidogo. Kwa hiyo niliona mengi na kusikia zaidi.

Miaka ile ya mwanzo ukumbi ulijaa. Walikuja wenzetu wa Unguja na Pemba, na wale ambao wazazi wao walikuwa bara, Tabora na Kigoma. Wafanyabiashara wa Kihindi wa sokoni walileta kadi za kriketi, zimefungwa kwa kitambaa cha hariri kama vito. Wafilipino wa viwanda vya Rusayl walipanda basi siku yao ya mapumziko, wakaja na kadi za mpira wa kikapu zenye kung'aa. Meza zikikosekana, watu walitandaza mikeka.

Mume wangu alikuwa na masharti yake. La kwanza lilihusu halua. Huwezi kumwalika mtu katika nchi hii usimpe halua, na huwezi kula halua vidole visipate samli. Basi yeye alisimama kwenye beseni, taulo begani na sabuni mkononi, kama mwenye harusi anayenawisha wageni.

"Karibu, nawa."

"Nimeshanawa, bwana."

"Umenawa kwa macho. Hebu lete mikono."

Hata mzee mwenye ndevu nyeupe alinyoosha mikono akakaguliwa. Hakuna aliyekasirika.

Jambo jingine lilikuwa adhana ya Magharibi. Watu walisali pale pale ukumbini, na haipendezi mtu kusali picha za watu zimemkabili. Basi muadhini alipoanza tu, kila mwenye meza aligeuza kadi zake kifudifudi. Hakuna aliyeamrisha. Ilisikika kama upepo unaopekua majani ya kitabu. Nami nilimwona Mfilipino mmoja, Mkristo, anageuza zake pamoja na wenzake, kisha anakaa kando ya ukuta mpaka tutoe salamu. Safu zilisimama, Sunni aliyefunga mikono bega kwa bega na Ibadhi aliyeinyoosha, kama ilivyo kawaida ya nchi hii, namshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini sharti alilolipenda kuliko yote lilikuwa la kubadilishana. Watu wawili wakikubaliana, lazima kila mmoja atamke wazi kwamba ameridhia. Na hata wakishatamka, yeyote kati yao alikuwa na ruhusa ya kughairi maadamu hawajaachana. Hili limetoka katika mafundisho ya dini yetu juu ya biashara. Wanazuoni wana maneno yao katika maana ya kuachana, na sikusudii kuyaingia hapa. Mume wangu alichagua lililo jepesi kwa wote: kama bado mko pamoja, unaweza kurudisha. "Sitaki mtu arudi kwake na kinyongo kwa sababu ya karatasi," alisema. Matokeo yake watu walibaki ukumbini muda mrefu, wakinywa kahawa karibu na yule waliyebadilishana naye, wakitazamana, kila mmoja akipima moyo wake.

Rafiki yake mkubwa, na mshindani wake mkubwa, alikuwa mtu wa Tabora. Wazazi wake ni Waomani waliokuwa na duka huko, na yeye hapa alikuwa mhandisi wa umeme serikalini. Huyu alikuwa na kadi moja ambayo mume wangu aliitamani kupita kiasi: kipa wa Kizungu wa zamani sana, sweta nzito, kofia ya kitambaa kichwani, mikono imekumbatia mpira kama mtu aliyebeba mtoto. Kadi kama ile mume wangu aliibandika ndani ya kabati la mama yake Unguja alipokuwa mdogo, na kabati lilibaki huko. Basi kila mwezi alikwenda kwenye meza ya rafiki yake na maneno ni yale yale.

"Leo umelainika?"

"Nilainike kwa nini? Kwa halua yenu ya visiwani?"

"Nipe yule kipa, nikupe mabondia wawili."

"Mabondia wako wameshapigwa wote. Tazama sura zao."

"Na kipa wako je? Mtu kavaa sweta utadhani analala barazani!"

"Ndiyo maana humpati. Huna adabu naye."

Siku moja nilimwonea huruma mume wangu, nikasema kutoka mlangoni, "Shemeji, mpe basi, kashaomba miaka."

Akacheka. "Shemeji, nikimpa leo, mwezi ujao atakuja kwenye meza yangu kutafuta nini?"

Nilidhani ni mzaha wake wa kawaida.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, mambo yalianza kupungua, na kupungua kwenyewe kulikuja polepole. Wafilipino wengine walimaliza mikataba wakarudi kwao. Wazee wengine Mungu aliwachukua, na watoto wao hawakujua makopo yale yana nini ndani. Vijana walikuwa na televisheni za satelaiti, wanamwona mchezaji anakimbia, picha iliyosimama watafanyia nini? Halafu ikaja intaneti. Palikuwa na bwana mmoja, mstaarabu kwa maneno, aliyenunua kadi kwa wazee ili azitangaze kwenye kompyuta kwa watu wa nje. Akisikia tu neno "nimeridhia", alikunywa kahawa kwa mkupuo mmoja na huyo mlangoni, kabla mwenziwe hajapata kughairi. Hakuvunja sharti lolote. Lakini mzee aliyeuza alibaki ameshika kikombe, anatazama mlango. Wazee wawili watatu wakaacha kuja baada ya hapo.

Mume wangu hakumsema vibaya mtu yule. Alipanga meza kama kawaida, hata ilipofika kwamba meza ni nyingi kuliko watu. Alinawisha mikono ya watu wachache kwa uangalifu ule ule. Mimi nilimpenda tangu ujana wetu, lakini nilimheshimu zaidi katika miaka ile ya ukumbi mtupu.

Kisha wenye klabu wakamwita, wakamwambia kwa adabu kwamba ukumbi utawekwa mashine za mazoezi. Alibakiwa na Ijumaa moja. Alijaribu kuomba mahali pengine, hakupata. Usiku ule aliniambia kilichomkereketa.

"Kadi zangu zimo kabatini, hazendi popote. Lakini sisi watu wazima sasa, bi mkubwa. Mmoja yupo Ghubra, mmoja Sib, mmoja Wadi Kabir. Tukikosa ukumbi ule tutaonana wapi? Mazikoni. Kila tukikutana atakuwa amepungua mmoja."

Nilimwombea.

Ijumaa ile ya mwisho zilikuwapo meza nne. Baada ya Magharibi, rafiki yake wa Tabora alisimama, akaja yeye kwenye meza ya mume wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kiganjani alikuwa na kipa.

"Chukua," alisema. "Lete mabondia wako."

Nilitarajia mume wangu ataruka kwa furaha. Aliitazama kadi, hakunyoosha mkono.

"Una nini leo?"

"Sina kitu. Nimelainika. Si ulikuwa unaomba? Sema umeridhia tuondoke."

"Umeridhia wewe?"

"Nimeridhia."

Mume wangu akasema ameridhia, kwa sauti ambayo mimi pale mlangoni niliisikia kwa shida. Walibadilishana. Hakuna aliyecheka. Tukakunja vitambaa vya meza, tukaosha vikombe, tukazima taa.

Gari la rafiki yake lilikuwa gereji, kwa hiyo tulimchukua kumpeleka kwao Ghubra. Wao wawili walikaa mbele, mimi nyuma na sinia la halua magotini. Tulipita Ruwi bila mzaha hata mmoja. Tulipokaribia kwao, mume wangu akasema:

"Mimi hii biashara sijaipenda."

"Imekwisha hiyo, bwana. Tulishatoka mlangoni."

"Mlango si hoja. Hoja ni kuachana. Mimi na wewe tumeachana?"

"Tumo garini!"

"Basi hatujaachana. Muulize shemeji yako, yeye ndiye aliyesoma."

Rafiki yake akageuka nyuma. "Haya, shemeji, sema haki. Usimpendelee."

Nikasema ninavyofahamu kutoka vitabuni: wanaoshikilia kwamba kuachana ni kwa miili, si kwa maneno, wanasema wauzianao wakitoka pamoja na wakaenda pamoja, bado hawajaachana, na ruhusa ya kughairi ipo. Na Mungu ndiye ajuaye zaidi.

"Loo! Nyumba moja, mume ana kesi na mke ndiye kadhi!"

Mume wangu akasimamisha gari mbele ya geti la rafiki yake, lakini hakuzima injini. Akatoa kadi ya kipa mfukoni, akamwekea juu ya goti.

"Basi nimeghairi. Mchukue mtu wako. Nipe mabondia wangu."

"Wewe una wazimu? Miaka yote hii unalia unamtaka!"

"Nnamtaka bado. Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao utakuja naye nyumbani kwangu, baada ya Laasiri. Mimi nitakuomba, na wewe utaninyima. Ukinipa leo, utakuja kwangu kufanya nini?"

Yule bwana alivua miwani yake akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa, akaivua tena. Kisha akatoa mabondia wawili kutoka mfuko wa kifua, akawaweka juu ya dashibodi mmoja mmoja, kwa taratibu.

"Wamepigwa hawa," alisema. "Sikuwa nawataka."

Akashuka. Tulimwona anafungua geti huku mabega yake yanacheka.

Mwezi mzima mume wangu alikuwa na wasiwasi. Alinunua beseni jipya, akalibadilisha dukani kwa kubwa zaidi, akaniuliza mara kwa mara kama zulia la chumba cha wageni linatosha watu. Nilimwambia linatosha. Siku yenyewe, alisali Laasiri msikitini akarudi mbio, akakaa karibu na dirisha. Muda ukapita. Alisimama, akanyoosha vitambaa vilivyokwisha kunyooka. Akaniambia, bila kunitazama, "Barabara leo ina magari mengi, labda."

Kengele ililia. Mtu wa Tabora alikuwa mbele, na nyuma yake mfanyabiashara wa Kihindi wa Matrah na bunda lake la hariri, na mzee wa Wadi Kabir aliyekuwa ameacha kuja tangu alipouza kadi zake. Mzee huyu hakuleta kadi hata moja.

"Mimi sina kitu cha kuonyesha," alisema pale pale kizingitini, amebaki na kiatu kimoja mguuni. "Nimekuja kutazama vyenu tu. Inafaa?"

"Inafaa sana," mume wangu akasema. "Karibu, nawa mikono."

Nikaenda jikoni kumimina kahawa, nikahesabu vikombe, vikawa havitoshi, nikamshukuru Mola wangu kwa kutotosha kule.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe umri wenye kheri, akupe jamaa na marafiki wa kukugongea mlango ungali hai, na akukutanishe nao tena katika Pepo yake, bila ya kuachana. Amin.