Kiti cha Gia Tatu

Wifi yangu anashona magauni ya maharusi, na hakuna jambo ambalo hajui. Watu wa namna hiyo wananichosha. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi nilipomkuta uani, amechuchumaa ndani ya gari la kaka yangu akihangaika na bolti za kiti cha dereva, nilifurahi kuona zimemshinda. Mungu anisamehe.

"Wifi, hilo si gauni," nikamwambia.

"Najua. Niletee mafuta ya taa, maneno baki nayo."

Kaka yangu mtaa mzima unamwita Gia Tatu, maana hana pupa barabarani. Kwa miaka mingi aliwapeleka wauguzi wa chanjo kwenye vijiji vya milimani, katika njia ambazo hata mbuzi huzipita kwa kufikiri. Mwaka jana mgongo ukamkamata. Miezi mitano alikaa nyumbani akipanga upya makopo ya jikoni na kumkosoa kila aliyepika. Mimi niliyekuja kumwuguza nilikaribia kumnyonga. Sasa daktari alisema amepona, ila asiendeshe gari lile mpaka lipate kiti cha kumbeba vizuri. Sponji ya zamani ilikuwa imesagika ikawa unga, na springi mbili zilichungulia nje.

Safari za wauguzi zilikuwa zinaanza tena Jumatatu. Asipokuwepo, wangetafuta dereva mwingine, naye alishaanza kusema kwamba zama zake zimepita. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, akitazama ukuta, na iliniuma kumsikia. Fundi wa viti vya magari alitaka wiki mbili. Ngoja ngoja huumiza matumbo, akasema wifi, nitakifanya mwenyewe.

Mafuta ya taa yakalainisha kutu, bolti zikalegea, tukakibeba kiti hadi barazani. Wifi akafumua kitambaa cha zamani kwa wembe, uzi kwa uzi, akaandika namba kwa chaki kwenye kila kipande ili ajue kilikotoka. Akasugua vyuma kwa brashi ya waya, akazifunga zile springi kwa kamba, akatandika gunia juu yake. Kisha sponji ngumu ya kubeba mwili, na juu yake sponji laini kidogo. Hiyo laini aliitoa wapi sikujua, mpaka mchana nilipokwenda kujilaza nikakuta godoro langu limekuwa fupi.

"Wewe mwenyewe mfupi," alinijibu. "Hutaona tofauti."

Ijumaa akavitandaza vile vipande vya zamani juu ya ngozi ya bandia mpya, akachora, akakata, na cherehani ikanguruma hadi alasiri. Tukakivalisha kiti. Kilijaa mikunjo. Kaka akakaa kwa utaratibu, na baada ya dakika kumi akainuka akishika kiuno. Ngozi ilikuwa imejikusanya chini ya paja lake, na kiti chote kilikuwa kinatelezateleza kama mzigo uliofungwa vibaya.

"Basi," akasema. "Mwacheni huyo dereva mwingine afanye kazi." Akaingia ndani.

Mimi nami, badala ya kufunga mdomo, nikasema, "Wifi, umekishonea gauni la mjamzito."

Nilidhani atanitupia mkasi. Alikizunguka kiti akikitazama, kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kumbe kila kipande alikuwa amekiongeza vidole viwili pande zote. Ndivyo mkono wake ulivyozoea: miaka ishirini na miwili anawaachia maharusi nafasi ya kupumua, kula na kucheza.

"Kiti hakipumui, wifi! Kiti hakichezi! Hiki kinatakiwa kibanwe."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini ngozi iliyokatwa kubwa inapunguzika. Jumamosi akafumua mishono yote, akakata upya, safari hii kidole kimoja pungufu ya kipimo cha sponji. Akaianika ngozi juani mpaka ikalainika. Akaifunika sponji kwa nailoni ili ngozi iteleze juu yake, halafu akaniamuru nipige magoti juu ya kiti na kukandamiza kwa uzito wangu wote.

"Leo ndiyo faida ya kula kwako," akasema, huku akivuta ukingo kwa koleo na kuufunga kwenye vyuma kwa waya. Tulivuta, tukatukana, tukacheka mpaka tukaishiwa nguvu. Tulipomaliza, hapakuwa na mkunjo hata mmoja.

Jumapili asubuhi tukakifunga kiti garini, na baada ya chakula cha mchana kaka akapanda. Alisema anafika machimbo ya kokoto na kurudi, saa moja tu. Saa moja ikapita. Ya pili ikapita, na simu yake haikupatikana. Wifi alikuwa akichomoa nyuzi kwenye sketi yake, moja moja, bila kujua anachofanya. Niliogopa. Nilimwona kaka akilini mwangu kando ya barabara, mgongo umemfunga, hana wa kumshika mkono.

Ilipokaribia saa kumi tukasikia injini. Gari likaingia uani likiwa na tope hadi madirishani, na kaka akakaa palepale, mikono kwenye usukani.

"Mgongo?" wifi akauliza.

Kaka akamtazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Nimeusahau," akasema. "Nilifika machimboni nikaona bado mapema, nikapanda hadi zahanati ya juu. Nimewaambia wauguzi kesho saa kumi na mbili asubuhi niko mlangoni kwao."

Wifi akaushika mlango wa gari akalia kwa sauti. Nami, niliyemcheka tangu Alhamisi, nikamkumbatia, nikamwita fundi mbele ya mume wake, na wala sikuwa namtania.