Rangi ya Kucha Mkiani mwa Kuku

Kuku wa mwisho wa marehemu mke wangu alikuwa anataga mahali ambapo hakutaka nipajue. Kenge wa hapa Lituhi wanapenda mayai, na kila mara alirudi nyumbani bila kifaranga. Akifa huyu, kuku wa mke wangu wamekwisha. Nilitaka nikizungushie kiota chake miiba. Lakini ni mweusi, kama walivyo kuku wa jirani. Akiingia majanini simtambui tena.

Nikamfunga mguuni kitambaa chekundu, kirefu, nimwone vizuri. Kweli nilimwona vizuri. Alisimama mlangoni pa jiko kutwa nzima akikidonoa, wenzake wakimfukuza, na kutaga akaacha.

Binti yangu, anayefanya kazi maabara chuoni, alikuwa amekuja likizo. Alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, hata mimi nilifanya hivyohivyo."

Kazi yake nilikuwa naitikia tu bila kuielewa. Siku hiyo akanieleza taratibu. Ndani ya mwili mna protini, kama vibarua wadogo wasioonekana, naye huziunganishia alama inayong'aa ili aone ziendako. Alama ya kwanza aliiweka upande uleule ambao protini inautumia kushikia kazi yake.

"Iling'aa kama bwana harusi, baba. Kazi haikufanya."

Akaihamishia upande wa pili, akaacha kiungo laini katikati ili visibanane. Hapo ikafanya kazi.

Tukafungua kitambaa. Akatoa rangi yake ya kucha, akapaka ncha ya unyoya wa mkia. Nilitaka tumfuate palepale, akakataa. Kwanza tuhakikishe anaishi kama wenzake wasio na rangi. Tukakaa kumtazama kuku akila. Jirani alipita akauliza kama tunauguza.

Kesho yake nukta nyekundu ikatuongoza majanini, hadi chini ya kichanja ambacho mke wangu alikuwa akianikia usipa, dagaa wetu wa ziwani. Sikuwa nimefika pale tangu mazishi. Mayai yalikuwa juu ya kipande cha wavu wake.

Tukazungushia miiba, tukaacha kijia chake. Binti akauliza kama aifute rangi. Nikamwambia aiache, haimsumbui.

Sasa anaatamia, nami naenda kumwangalia kila asubuhi. Nikikaribia ananikunjia uso. Mwenye kuku naye hakupenda kuangaliwa akiwa kazini.