Farasi Anayejua Mpaka

Nilichokiona kwanza kwa mtunza farasi wetu ni mkono wake wa kushoto, ambao haubanduki shingoni mwa farasi jike mzee hata anapoongea na watu. Kila asubuhi humzungusha kwenye mpaka wa malisho yetu ya pamoja, na penye kila jiwe la mpaka humpa kipande cha karoti. Siku hizi farasi husimama mwenyewe penye kila jiwe. Juzi jirani anayeidai nusu ya malisho aling'oa mawe hayo na kulima mahali yalipokuwa. Leo mpimaji wa ardhi amekubali kuchimba pale farasi atakaposimama, atafute misingi ya mawe iliyobaki ardhini. Atachimba mara moja tu.

"Shemeji, mbona una wasiwasi?" shangazi yangu alimtania mtunza farasi. "Anayefanya mtihani ni farasi!"

"Na akifeli, farasi wenu wote watakula wapi?" alijibu.

Kisha akauondoa mkono shingoni, mara ya kwanza tangu nimjue, akauficha mfukoni asije akaambiwa amemwelekeza. Farasi anakwenda peke yake kwenye udongo uliolimwa. Mtunza farasi amefumba macho, midomo yake inahesabu hatua. Farasi anapunguza mwendo, masikio yamesimama. Miguu bado.